Spika ya Raiti

Kuna nyumba moja hapa Kitale, mlango wa tatu kutoka msikitini, ambayo kwa wiki kadhaa nilikuwa nazunguka mtaa mzima ili nifike sokoni bila kupita mbele yake. Si kwamba wenye nyumba ni wabaya. Ni watu wazuri kupita kiasi, na hapo ndipo penye kero, kwa sababu wakiniona wananisalimia kwa adabu zote, wananiuliza habari za kazi na habari za nyumbani, kisha mmoja wao, uso mkavu kabisa, ananiuliza kama leo nimekuja na taa. Nimeamua kulisimulia jambo lenyewe kwa mdomo wangu na kwa mpangilio, maana nimesikia linavyosimuliwa sokoni na tayari wameshaongeza moshi (moshi haukuwepo).

Naitwa Nafula, kwetu ni Sirisia. Kwa miaka sita nilikuwa mwandishi wa habari katika redio moja ndogo mjini Bungoma, na nilipoachana nayo nikahamia Kitale na kompyuta, maikrofoni moja, na tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari. Sasa narekodi watu nyumbani: kwaya, matangazo ya maduka, mara moja shairi la mwalimu anayestaafu. Studio yangu ni chumba ambacho mwenye nyumba alikusudia kiwe stoo. Ukutani nimesimamisha magodoro mawili, na meza ni ya cherehani isiyokuwa na cherehani.

Redioni nilifundishwa pia kutenganisha r na l. Sisi watu wa Bungoma herufi hizo mbili hubadilishana viti mdomoni bila kutuuliza, na wiki yangu ya kwanza hewani nilitangaza kwamba wananchi wamejitokeza kwa wingi kupiga kula, ndipo mhariri wangu akaniita kando akataka kujua walikuwa wanapiga kula ya nini, ya ugali au ya wali. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo kwa miezi. Nikapona. Au niseme niliamini nimepona, hata nikawa mtu wa kuwarekebisha wengine mezani wakila, tabia ambayo leo naijutia.

Sasa, kazi yenyewe. Bi Rehema, anayeuza vitambaa na ndiye mwenyekiti wa kina mama wa madrasa ya mtaani kwetu, alitaka kurekodi qasida kumi kabla ya Maulidi. Akasema tuanze na moja ya kujaribu. Waimbaji ni watoto kumi na wawili, na anayewaitikia ni mwalimu wao, Ustadhi Swaleh, mzee mwembamba mwenye sauti nzito ambayo hujui inatoka wapi. Hakuna ala, ni sauti tupu. Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya kwanza ambayo haikuletwa na jirani wala binamu, na niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote.

Niliirekodi vizuri. Tatizo lilikuja kwenye kupanga sauti, kwa sababu wakati huo nilikuwa nasikilizia wufa, spika kubwa ya besi iliyokaa chini ya meza kama mbuzi aliyefungwa, na ile wufa ilikuwa inamwongezea Ustadhi uzito mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka, kwa hivyo nikampunguza, nikampunguza tena, mpaka nikaridhika, nikawatumia. Kesho yake asubuhi Ustadhi mwenyewe alikuwa mlangoni kwangu, simu mkononi.

“Binti yangu, nimesikiliza mara tatu,” akasema kwa upole. “Watoto wapo wote. Mimi nilienda wapi?”

Na kweli, kwenye simu hakuwepo. Palikuwa na watoto, kimya kirefu, kisha watoto tena. Nilimweleza Bi Rehema kwamba kosa ni la wufa, akanisikiliza, akasema sawa, Jumamosi ya wiki ijayo baada ya alasiri kina mama watakutana nyumbani kwake wasikilize upya. Ustadhi akisikika, zote kumi ni zangu. Asiposikika, kuna mtu Eldoret wameelekezwa kwake.

Kwa hivyo nilihitaji spika ndogo za mezani, zile zisizopamba kitu, zinazokuambia ubaya wako ukiwa umekaa hapo hapo. Nilipima meza. Nilipima umbali kutoka kiti hadi ukuta. Niliandika kwenye daftari mambo ninayoyataka na, ukurasa wa pili, mambo nisiyoyataka, na la kwanza katika yale nisiyoyataka (ninalo hapa, naweza kumwonyesha yeyote) lilikuwa mapambo. Nikapanda gari kwenda Bungoma na qasida yangu kwenye flashi.

Duka la kwanza walinionyesha spika iliyonifika begani. La pili, muuzaji aliniambia kwa fahari kwamba hii yake ukiiwasha jirani anahama, na nilipomwambia jirani yangu nampenda akaniangalia kama mtu asiyejua muziki. La tatu lilikuwa la kijana mmoja mtaratibu anayeitwa Wekesa, na huko ndiko nilikozipata: mbili, nyeusi, kila moja na ukubwa wa mkate. Aliziweka kwenye kaunta, nikamwomba acheze qasida, na ndani ya nusu dakika nikasikia kosa langu lote, yaani nilisikia vizuri kabisa jinsi Ustadhi asivyosikika. Sijawahi kufurahia aibu namna hiyo. Wekesa akanionyesha kwamba moja ndiyo yenye umeme na vitufe, imeandikwa L kwa nyuma, na ile ya pili, yenye R, yaani raiti, ya kulia, inanyonya kwa hiyo ya kwanza kwa waya. Nikazibeba mapajani mpaka Kitale.

Jumatatu nilizipanga, nikapima kwa uzi kutoka sikio hadi kila spika. Nikawaweka watoto upande wa kushoto na Ustadhi upande wa kulia, wasikanyagane. Ikafika zamu yake ya kuitikia, akashuka chini na ile sauti yake, na spika ya kulia ikakoroma. Nikabadilisha waya, ikakoroma. Nikampunguza, ikakoroma taratibu. Ilikuwa mbovu, na Jumanne asubuhi nikairudisha Bungoma kama kifurushi.

Hapa ndipo penye kosa. Ni kosa dogo, la sekunde kama ishirini. Nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono yote miwili imejaa, na nilitakiwa kumwandikia Wekesa anitumie nyingine. Kuandika kungenilazimu ninawe. Nikabonyeza simu kwa kiwiko, nikamtumia ujumbe wa sauti. Nikamwambia (ndivyo nilivyodhani) anitumie ya raiti. Akajibu kwa sauti pia kwamba iko, ila ni tofauti kidogo na ile, imezidi ukubwa. Nikamwambia ukubwa hauna shida. Akauliza kama nina hakika, maana watu wa studio huwa hawaichukui, na mimi nikacheka, nikafikiri ni utani wa wauzaji, kwani nani atachukua ya kushoto peke yake? Akamaliza kwa kusema, “Kumbe madam uko na mambo,” nikalichukua kama sifa.

Niliambiwa kifurushi kitafika Jumatano. Jumatano hakikufika. Alhamisi nilienda ofisi ya vifurushi mara mbili, Ijumaa mara tatu, na kila mara yule dada wa kaunta alinijibu bila kuinua macho kwamba gari bado liko Kimilili, hata nikaanza kujiuliza kama Kimilili kuna mtu anazuia magari. Wakati huo wote nilikuwa napanga sauti kwa spika moja ya watoto na kwa vile visikilizio vya masikioni vya kununua kandokando ya barabara, yaani upande wa Ustadhi nilikuwa nabahatisha. Hatimaye Jumamosi baada ya adhuhuri nikapigiwa simu nikachukue. Nilipokipokea niliona mambo mawili: boksi lilikuwa kubwa, na lilikuwa zito. Miaka sita ya uandishi wa habari, kazi yote ikiwa ni kuuliza mbona, na sikuuliza. Muda ulikuwa umekwisha. Nilibeba boksi, kompyuta na ile spika ya kushoto, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Rehema, mlango wa tatu kutoka msikitini.

Kina mama walikuwa wameshajaa, kama kumi na watano, kwenye makochi na mikekani, chai imemiminwa, mandazi yamefunikwa. Ustadhi alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, kanzu nyeupe imepigwa pasi ikasimama. Watoto walikuwa barazani, vichwa vyote dirishani. Nikasalimia, nikaweka spika ya kushoto mezani kwa heshima kubwa, nikaeleza kwamba vifaa hivi havipambi, vinasema ukweli. Kisha nikaomba kisu, nikafungua boksi.

Kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa mtungi wa lita kumi. Kilikuwa na mpini wa kubebea na matundu mawili ya maikrofoni, na mbele kilikuwa na duara la plastiki inayong’aa kama jicho la samaki. Mama mmoja akasema mashallah, ni kubwa. Ningesema ukweli pale pale ningekuwa nimepoteza nusu saa tu. Lakini macho yalikuwa thelathini, bila ya dirishani, na spika ya kushoto peke yake ingewasikilizisha watoto bila Ustadhi, jambo ambalo tayari lilikuwa nusura linikoseshe kazi, basi nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba hii ndiyo ya kisasa. Nikachomeka waya wa kompyuta. Nikawasha.

Kwanza mwanamke asiyeonekana akasema kitu kwa Kiingereza, kwa sauti ya uwanja wa ndege. Kisha ngoma, mipigo miwili. Kisha taa. Nyekundu, kijani, zambarau, zikizunguka ukutani na darini, zikipita juu ya mandazi, na kanzu ya Ustadhi ikawa kijani, ikawa zambarau, ikawa rangi ambayo sina jina lake. Barazani watoto wakapiga kelele za furaha. Nilibonyeza kitufe cha kwanza, taa zikaongeza kasi. Nilibonyeza cha pili, ikaja redio, mtu anatangaza dawa ya kupe. Cha tatu kiliondoa redio, taa zikabaki. Bi Rehema akainuka, akaleta leso, tukalifunika lile dude pamoja kama wanaofunika maiti, na taa zikaanza kutoka kupitia kwenye maua ya leso, ikawa afadhali zisifunikwe.

“Cheza tu, mwanangu,” akaniambia. “Tumekuja kusikiliza.”

Nikacheza. Watoto wakaanza, wazuri sana. Halafu akaingia Ustadhi, na nyumba nzima ikaingia naye: vikombe vikagongana na visahani, mlango ukatetemeka, na kila aliposhuka chini taa zote zikawa nyekundu, akipanda zinarudi kijani, kama mtu aliyewekewa taa za barabarani. Dirishani mabega yalianza kucheza. Kina mama walikuwa wameziba midomo kwa ncha za mitandio, na mmoja alitoka kabisa, akasema anaenda kuangalia maji.

Qasida ikaisha. Ustadhi alikuwa amefumba macho. Akayafumbua polepole.

“Sasa nimerudi,” akasema.

Bi Rehema akawatazama wenzake, wakaitikia kwa vichwa, akanigeukia akasema basi, wameridhika, tupange siku za zile tisa zilizobaki. Nilikuwa nimeipata kazi. Nilichotakiwa kufanya ni kuchomoa waya, kunywa chai na kwenda nyumbani. Na ninawaambia, nilikishika kikombe. Lakini nilijua ninachokijua. Lile dude linampa uzito kila mtu, hata mbu lingempa uzito, na wiki ijayo Ustadhi angesimama tena mlangoni kwangu na simu mkononi, na safari hiyo ningekuwa nimewadanganya kwa makusudi. Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia Bi Rehema kwamba naomba msamaha, spika hii inadanganya, na kama hawaamini wasikilize hiyo hiyo kwa simu yake. Nikamtumia, akaicheza. Watoto walisikika safi. Ustadhi alikuwepo, ndiyo, lakini kama mtu anayeongea ndani ya tangi la maji, na tangi liko kwa jirani.

Bi Rehema akaitazama simu, akalitazama dude chini ya leso, bado linazunguka.

“Sasa kama linadanganya,” akasema, “mbona umetuletea?”

Hapo hasira ikanipanda, ya wiki nzima, ya Kimilili na ya ofisi ya vifurushi na ya unga wa chapati. Nikasema si mimi, ni huyu kijana wa duka huko Bungoma, hawa wauzaji hawasikilizi mteja, nilimwambia waziwazi ninachotaka. Ustadhi akauliza kwa upole nilimwambiaje. Nikasema ushahidi ninao, mwandishi wa habari hakosi ushahidi, nikatoa simu, na kwa sababu nilitaka wote wasikie nikauchomoa waya kwenye kompyuta nikauchomeka kwenye simu. Hakuna aliyenilazimisha. Nikabonyeza.

Sauti yangu ikajaa nyumba ile, nzito, ya kutisha, na taa zikiruka kwa kila neno.

“Wekesa, hiyo imenisumbua, sitaki tena kama hiyo. Nataka ya laiti. Ya laiti, umesikia? Bila ya laiti kazi yangu haiendi.”

Sikuwahi kusikia l zilizo wazi namna ile. Redioni wangenipa zawadi. Wekesa wa watu alikuwa amesikia mteja aliyechoshwa na spika za studio, anayedai kwa nguvu zote yenye taa, akamtafutia yenye taa kuliko zote.

Ustadhi akakohoa kidogo.

“Umesema laiti mara tatu,” akasema. “Mimi nilidhani unajuta.”

Bi Rehema ndiye aliyeanza, akaweka kikombe chini kwanza, kisha akacheka mpaka akajifunika uso, na wengine wote walikuwa wanangoja yeye tu. Yule aliyeenda kuangalia maji akarudi mbio kuuliza amekosa nini, akaelezwa, akaomba nirudie. Dirishani watoto walikuwa wameshaufanya wimbo, upande mmoja unaita ya laiti, mwingine unaitikia umesikia, na walikuwa wanaimba kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyowarekodi.

Machozi yalipomkauka, Bi Rehema alinipa mpaka Jumatano. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Jumatatu nikaenda Bungoma na dude mapajani. Wekesa alipoliona alihuzunika kweli, akauliza taa zimeharibika, au sikuzipenda rangi. Nikageuza ile spika ya kushoto, nikamwonyesha kwa kidole herufi ya nyuma, nikamwambia nataka mwenzake. “Aa, raiti,” akasema, r imenyooka kama rula. “Si ungesema, madam.” Akanipa iliyo nzima, tukaijaribu pale pale, akaniambia dude nimwachie.

Nilimpanga Ustadhi upya, siku mbili, kwa uzi na daftari. Jumatano alikuja mwenyewe, akasikiliza kwa simu yake, amesimama mlangoni. “Nipo,” akasema, na kweli alikuwepo, kila neno, pamoja na ile pumzi anayovuta kabla ya kushuka. Nilikuwa karibu kulia. Kisha akachungulia mezani kwangu, akaziona spika mbili ndogo, akauliza ile ya taa iko wapi. Nikamwambia nimeirudisha. Akatikisa kichwa taratibu. Ile, akasema, alisikika zaidi.

Kazi niliipata, zote kumi. Nilizipanga mpaka unywele, watoto hawamkanyagi, yeye hawafuniki, nikiwa na hakika kwamba popote zitakapochezwa zitasimama. Siku ya Maulidi nikaalikwa, nikaketi nyuma na kina mama, na mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, walikuwa wameliweka lile dude. Walilifuata wenyewe Bungoma. Taa zilikuwa zimezimwa (kitufe kilikuwa nyuma, Wekesa alimwonyesha Bi Rehema, mimi sikuwahi kutazama nyuma), lakini Ustadhi alitoka humo kama radi, na wale watoto wangu kumi na wawili, niliowatenga mmoja mmoja kwa siku kumi na tatu, hawakusikika hata nusu. Watu walifurahi sana. Ustadhi alifumba macho. Nami nikala pilau nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu nilijua nikianza kueleza, mtu angeniuliza ni nani aliyelileta dude lile Kitale.

Basi nimeapa. Neno lolote lenye r au l, likihusu kazi, silisemi kwenye simu hata mikono yangu ikiwa kwenye unga mpaka viwikoni. Nanawa, nakausha vidole, naandika, kisha nasoma nilichoandika kwa macho, mdomo umefungwa.